Kwanza Mniulize Nani Alinipa Hiyo Saa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama yoga inaweza kumponya mtu wa makamo na kumpa kusudi jipya la maisha. Nilitaka kulipita, kwa sababu sisi wa umri wa miaka 50 na ushee tumechoka kuulizwa habari za kusudi jipya, kana kwamba yale ya zamani, yaani ada za shule, wazazi wagonjwa na marejesho ya kikoba, yamekwisha. Lakini naona wanaojibu maswali ya namna hii kwa kawaida ni wale wanaouza mikeka, basi naomba nafasi.

Mimi ni mhasibu katika ofisi ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, na mgongo wangu ulianza kulalamika kabla yangu. Dawa za maumivu zilipoanza kunichoma tumbo, mwenzangu wa ofisini alinipeleka kwenye darasa la yoga lililokuwa Upanga, ghorofani, katika ukumbi ambao siku nyingine hufanyiwa vikao vya harusi. Mwalimu alikuwa mzee wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili safi kuliko changu, na alifuata njia ya B.K.S. Iyengar, yule mwalimu wa yoga aliyezaliwa India mwaka 1918, akaandamwa na maradhi tangu utotoni, na baadaye akawa anawapa wanafunzi viti, mikanda na matofali ya mbao ili mwili usiofika upate msaada. Kwa hiyo hakuna aliyenidai niguse vidole vya miguu.

Mwishoni mwa darasa alitutaka tulale chali, mikono iachane na mbavu, macho yafumbwe, akasema huo ndio mkao wa maiti. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa miongoni mwa waliomwosha mama yangu. Niliinuka nikakaa kitako na kusema, kwa sauti isiyomstahili mtu wa umri wake, "Mzee, mimi silali hivyo." Wote walisikia. Hakuniuliza sababu wala hakunihubiria. Alileta mto mrefu, akasema, "Basi, mama, lalia ubavu wa kulia," akaweka kiti baina yangu na mlango ili wapitao wasinikanyage, kisha akaenda kuizima feni iliyokuwa ikipiga kelele. Nililala usingizi wa kweli, na jirani yangu alinieleza baadaye kwamba nilikoroma. Walifunga mikanda, wakapanga viti, wakaondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyenigusa mpaka adhana ya magharibi iliponiamsha. Simu yangu, ambayo kwa kanuni ya darasa hukaa kabatini, nilikuta imepigwa na mume, mtoto na bosi, kila mmoja akitafuta kitu ambacho alikwisha kukipata mwenyewe.

Kwa hiyo, kama mngeniuliza wakati ule, ningesema kwamba nililipia saa moja ambayo hakuna aliyekuwa na haki nayo, na mengine yote ni mapambo. Wanaume wa rika langu wanayo yao, kwenye bao na kahawa ya barazani, wala hakuna anayewauliza kama wameponywa.

Hata hivyo, tangu watoto wahamie kwao ninazo saa kama hizo tele nyumbani, na nilipozitumia kulala kwenye kochi, mgongo ulirudi palepale. Darasani kuna mtu anayelitazama goti langu na kuniambia nilinyooshe, na nikipumua kwa pupa ananisikia. Si mimi peke yangu ninayesema hivyo: American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya kiuno, kabla ya vidonge.

Shemeji yangu anashikilia kwamba ni ibada ya watu wengine. Baraza la fatwa la taifa la Malaysia liliwakataza Waislamu mwaka 2008 yoga iliyochanganywa na mantra, yaani maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, na Saudia ikaitambua kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017, hivyo mtu hakosi pa kuegemea. Darasani kwetu hakuna mantra, nami nimeridhika.

Kuhusu kusudi, nilikuwa tayari kuandika hapana. Lakini mzee wetu sasa haoni vizuri, na kila Jumamosi mimi ndiye ninayewawekea kina mama wapya viti na mikanda, na ninayemwambia asiyetaka kulala chali kwamba ubavu pia unakubalika. Kama hilo ndilo mnalolitafuta, liandikeni, ingawa nilianza kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Jibu langu basi ni ndiyo, kwa masharti. Awepo mwalimu anayekutazama, si video; na mwenye ganzi mguuni aonwe kwanza na daktari. Asitarajie kupona kabisa, maana kila tunapofunga hesabu za mwezi kiuno changu bado huuma. Na yule ambaye nyumbani kwake hawamwachii hiyo saa, sina mkao wa kumfundisha. Huyo aitishe kikao cha familia kabla ya kununua mkeka.