Daftari la dawa myeloma inaporudi

Mama aligundulika kuwa na myeloma, saratani ya seli za plazma zilizomo katika uboho wa mifupa, baada ya miezi mingi ya kumchua mgongo. Dawa za mwanzo zilimpa nafuu. Ugonjwa uliporudi mara ya pili, daktari wa damu aliniuliza kama ulipanda akiwa bado anameza lenalidomidi au alikuwa ameshaiacha. Nilinyamaza, kwa kuwa faili lilibaki hospitali ya kwanza, nami mkononi nilikuwa na risiti za duka la dawa tu.

Myeloma inayopanda mgonjwa akiwa bado anatumia dawa, au ndani ya siku 60 tangu dozi ya mwisho, huhesabiwa kuwa sugu kwa dawa hiyo, ilhali iliyorudi miaka kadhaa baada ya dawa kusimamishwa huenda ikatibika kwa dawa ileile. Kwa familia inayojilipia, jibu hilo huamua shamba liuzwe au lisiuzwe.

Kwa hiyo andika daftarini jina la kila dawa, tarehe ya kuanza na ya kuacha, kiwango cha protini ya M (protini isiyo ya kawaida inayotengenezwa na seli za myeloma) katika kila kipimo, na hasa sababu ya kuacha, ambayo ndiyo husahaulika. Sindano ya bortezomibu haikushindwa na ugonjwa wa mama; tuliisimamisha kwa sababu ya ganzi, siku alipoingia sebuleni na ndala moja, nyingine ikiwa imemvuka koridoni bila yeye kuhisi. Daktari alipolisoma hilo, na ganzi ilipokuwa imepungua, alimrudishia sindano hiyo chini ya ngozi, mara moja tu kwa wiki.

Mgonjwa akiandikiwa daratumumabu, ombeni kundi lake la damu na kingamwili vipimwe kabla ya dozi ya kwanza, kwa sababu dawa hiyo hujishika kwenye chembe nyekundu na kuvuruga upimaji wa ulinganifu wa damu hadi miezi 6 baada ya kuachwa. Sisi tulilijua hilo usiku, tukisubiri chupa mbili za damu.

Ndani ya jalada nimeandika kwa wino mwekundu kwamba asipewe diklofenaki wala ibuprofeni, kwa maana figo za wagonjwa hawa huharibika upesi. Juzi muuza dawa aliyasoma maneno hayo, akairudisha pakiti rafuni, akampa mama parasetamoli.