Usiwafungulie mlango

Dada, kwa kuwa uko Uingereza na barua ya madalali (bailiffs, wanaokuja kukamata mali kwa ajili ya deni) wa kodi ya kaunsili, yaani halmashauri ya eneo lako, imeshafika, pole, ila usiwafungulie mlango. Kwa deni hili, kama hawajawahi kuingia kwako, hawaruhusiwi kuvunja wala kukusukuma wapite. Ongea nao kupitia dirishani, mlango umeufunga kwa ufunguo. Wakiukuta wazi wanaingia kihalali. Na watoto waambie hivyohivyo. Gari likiwa nje wanaweza kulifunga minyororo, basi kaliegeshe mbali na nyumbani.

Barua lazima ikupe siku 7 kamili kabla hawajaja. Zitumie hizo! Kanuni za ada za madalali za 2014 ziliweka ada ya pauni 75 kwa hatua ya barua, na nyingine 235 wakishabisha hodi. Pigia kaunsili leo, omba kulipa kidogokidogo. Kama unaumwa, una mimba au unalea peke yako, waambie waziwazi, maana wanatakiwa kulizingatia hilo.

Wakikukatalia, nenda Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ushauri wao ni bure. Waulizie mpango wa Breathing Space, yaani kupewa nafasi ya kupumua na madeni: ukikubaliwa, madalali wanasimamishwa kwa siku 60. Jiko, friji na kitanda chako hawavigusi.