Kaisari chini ya ngazi

Mwanangu Neema,

Ile picha ya kichwa cha shaba uliyonitumia kutoka jumba la makumbusho la London nimeitazama hadi mama yako akauliza kama tuna undugu naye. Unasema umeshangaa kwamba ni Kaisari Augusto, yule wa Luka sura ya pili, na kwamba kichwa kilifukuliwa Sudan. Ukauliza: Warumi waliwezaje kuvumilia aibu ya kutekwa kwa sanamu ya Kaisari wao bila kwenda kulipiza?

Walikwenda. Augusto aliitwaa Misri mwaka 30 KK, na mpaka wake wa kusini ukawa Aswan. Ng'ambo yake palikuwa ufalme wa Kushi, katika Sudan ya leo, chini ya malkia mwenye cheo cha Kandake. (Ni cheo, si jina. Kandake wa Matendo 8, malkia wa yule towashi, ni mwingine wa baadaye.) Kama miaka mitano hivi baada ya hapo, sehemu ya jeshi la Misri ikapelekwa Arabuni. Wakushi wakaona mlango u wazi: wakaipiga Aswan, wakaangusha sanamu za Kaisari. Inaaminika kichwa chako kilitekwa huko.

Liwali Petronius akawafuata na askari wa miguu wasiofika 10,000 na farasi 800. Hesabu hizo ni za Mgiriki Strabo, aliyeishi enzi hizo hizo. Akafika Napata, mji wa Wakushi, akaubomoa. Halafu akageuza.

Hapo ndipo lilipo jibu lako. Mbele yake ni mchanga na jua, na askari hula kila siku. Akaacha ngome moja tu, Primis, juu ya kilima kando ya Nile: watu 400 na chakula cha miaka miwili. Hao 400 huwa nawawaza sana. Mpaka wa dola kubwa kama ile ulikuwa, kwa kweli, ghala la nafaka lenye walinzi.

Kandake akairudia ngome ile na maelfu ya watu. Petronius akawahi kufika, wakaanza kuzungumza. Alipowaambia wajumbe wakamwone Kaisari, walijibu kwamba hawamjui ni nani wala anapatikana wapi! Nacheka kila nikisoma hapo. Wakapewa wa kuwasindikiza, wakamkuta kisiwani Samos, mwaka 20 KK hivi. Walichoomba walipewa, na kodi waliyotozwa ikafutwa.

Usiniambie Augusto alishindwa. Alipiga hesabu akaona Kushi italipa kidogo kuliko itakavyokula. Mpaka ukatulia kusini kidogo ya Aswan kwa miaka 300 na zaidi, hadi Kaisari Diocletian alipourudisha nyuma mwaka 298. Katikati hapo Kaisari Nero alituma askari wapande na Nile. Wakakwama kwenye mabwawa yenye magugu, mahali palipopitika kwa mtumbwi wa mtu mmoja tu.

Augusto mwenyewe, katika orodha ya matendo yake, alijisifu kwamba jeshi lake lilifika Napata. Habari ya kodi aliyoifuta hakuigusa.

Na kichwa? Kilifukuliwa Meroe, mji mwingine wa Wakushi, mwaka 1910, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, ili kila aingiaye amkanyage. Mchanga ndio uliotunza hata yale macho ya kioo. Ukipita tena huko, nipigie picha ya shingo, nione walivyoing'oa. Mama yako anauliza kama koti limefika.

Baba yako