Jibu: GPA ya 3.3 na shahada ya Sosholojia, MBA ya Marekani inawezekana?

Mkuu, umeuliza kama GPA (wastani wa alama) ya 3.3 ya Sosholojia kutoka Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inakufungia mlango wa MBA (shahada ya uzamili ya biashara) Marekani, maana umeambiwa bila BCom, shahada ya kwanza ya biashara, usijisumbue. Mimi nilisoma Ualimu hapohapo, nikatoka na 3.4, Lower Second (daraja la pili la chini) kama wewe, na MBA nimeisomea Marekani. Aliyekwambia hivyo amekukatisha tamaa bure.

Shahada yako siyo kikwazo. Vyuo vya biashara vya kule vinapokea mainjinia, walimu, wanajeshi, hata waliosoma muziki. Wanachotaka kujua wakishika transkripti yako ni kama utayamudu masomo ya fedha, uhasibu na takwimu, ambayo huanza mapema na kwa kasi. Kwa hiyo isome somo kwa somo, usiishie kwenye GPA. Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza habari ya 3.4. Niliulizwa C ya Takwimu ya mwaka wa pili. Nikaeleza kazi yangu ya ofisa mikopo kwenye SACCOS: kila mwisho wa mwezi napiga hesabu ya mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30 ni asilimia ngapi ya mikopo yote, kisha naitetea mbele ya bodi. Tukabaki hapo hapo kwa muda mrefu.

Cha pili ni GMAT, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, na hapa usifanye mzaha. Siku hizi ina sehemu 3 zenye uzito sawa, alama ni 205 hadi 805, na kwenye hesabu kikokotoo hakiruhusiwi. Kwa mtu wa Sosholojia, alama nzuri ya hesabu ndiyo inayoizibia transkripti pengo. GRE, mtihani mwingine wa kuombea shahada za uzamili, nayo inakubalika vyuo vingi.

Halafu angalia sana hili: GPA yetu huhesabiwa kati ya 5, yao kati ya 4. Usiibadilishe mwenyewe iwe ya 4. Vyuo vingi vinataka uandike kama ilivyo kwenye transkripti, yaani 3.3 kati ya 5.0. Ukiacha kutaja hiyo 5, umewapotosha.

Kama kuna semista uliyumba kwa ugonjwa au ada, kuna insha ya hiari kwenye maombi ya kulieleza hilo. Aya moja inatosha, bila kulalamika.

Umesema kazini unasimamia bajeti ya mradi. Mwombe bosi wako aiandike kwenye barua ya mapendekezo, kwa tarakimu.