Nondo inayokatika haiponyeki kwa moto wa mkaa

SWALI: Najenga nyumba hapa Morogoro. Nondo tatu za milimita 12 zimekatika fundi akizikunja miguu ya nguzo. Anasema zina uchafu wa kiwandani, na tukizipasha kwa mkaa hadi ziwe nyekundu uchafu utaungua, zitakunjika bila shida. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu yangu. Usikubali ipashwe hata moja.

Ushauri huu nimeukuta kwenye saiti nyingi mno, na kila mara unatolewa kwa kujiamini kabisa. Chanzo chake ni kudhani kwamba uchafu wa chuma ni kama masizi kwenye sufuria. Sivyo. Uliingia chuma kikiwa uji, kwenye joto la nyuzi 1,600 hivi, kikaganda nao. Kuutoa kunataka chuma kiyeyuke tena, na juu yake pawe na slagi ya chokaa, lile povu zito la tanuru linalonyonya uchafu. Jiko la mkaa la fundi halifiki huko.

Tena moto unaweza kuharibu zaidi. Salfa, sehemu ya uchafu huo, haipendi kuganda pamoja na chuma. Husukumwa pembeni, ikajipanga kama utando kati ya punje na punje za chuma, na utando huo huyeyuka kwenye nyuzi 988 tu. Nondo imeiva nyekundu ya kuelekea machungwa, kwa nje ni ngumu, kumbe ndani punje zimeanza kuachana. Ndiyo maana viwanda makini huongeza manganizi, metali nyingine, iikamate salfa kabla haijaleta madhara.

Fosforasi, uchafu mwingine, ndiyo huvunja chuma kikiwa baridi, na kwa maelezo yako naishuku kuliko salfa. Henry Bessemer alipotangaza njia yake ya kufua chuma mwaka 1856, walionunua leseni walipata chuma kinachovunjika kwa sababu madini yao yalikuwa na fosforasi. Dawa ilipatikana mwaka 1878, pale Sidney Gilchrist Thomas na binamu yake Percy Gilchrist walipobadili ukuta wa ndani wa tanuru ukawa wa aina ya chokaa. Miaka 22 ya wataalamu, halafu mtu akuambie gunia la mkaa linatosha!

Viwanda vingi vya kwetu huyeyusha chuma chakavu kwa tanuru za umeme zenye ukuta wa silika, madini ya mchanga. Ukuta huo hauvumilii chokaa nyingi, kwa hiyo fosforasi iliyoingia na chakavu hutoka na nondo. Shaba ni mbaya zaidi: mota ikitupwa tanuruni na nyaya zake, shaba ile haitoki tena. Kazi yote iko kwenye kuchambua chakavu kabla ya kuyeyusha.

Halafu, nondo nyingi za siku hizi hupozwa ghafla kwa maji kiwandani ili ganda la nje liwe imara. Ukiipasha hadi nyekundu umelifuta ganda hilo. Itakunjika vizuri, fundi atafurahi, na nguvu uliyolipia haipo tena.

Kabla ya kukilaumu kiwanda, angalia chuma anachokunjia. Kwa nondo ya 12 kisipungue kipenyo cha milimita 48. Ukikunja kwenye msumari au bomba jembamba, hata nondo safi hupasuka. Kisha tazama pale ilipokatika. Ikiwa panametameta kama chumvi ya mawe na nondo haikukonda hata kidogo, imevunjika kikavu. Hiyo ni dalili tu, haikwambii ni uchafu gani. Wala sumaku, cheche za grainda au mlio wa nyundo havikwambii, na anayekutoza hela kwa vipimo hivyo anakuibia.

Simamisha kazi ya nondo za shehena hiyo. Tunza vipande vilivyokatika pamoja na lebo ya fungu, chukua nondo nyingine ambazo hazijakunjwa, upeleke maabara zikavutwe, zikunjwe na kupimwa kemikali. Majibu yakija mabaya, rudi dukani nayo kabla hujamwaga zege.