"Transgression" haiko kuvuka duane

Ndugu mmoja wa Kasumbalesa, ku mupaka wa Kongo na Zambia, anafanya kazi ya duane, ananiuliza hivi: aliandikia patron mmoja wa Zambia barua mu Kingereza, akaweka "transgression of the border" juu ya kusema kamio imeshavuka, basi yule patron akamupigia simu na woga, anauliza polisi imekamata nani. Anasema mu Kifaransa neno si ni lile lile, kosa iko wapi?

Ndugu yangu, neno ni moja kabisa, yote inatoka mu Kilatini, "trans" ni ng'ambo, "gradi" ni kupiga hatua, kwa hiyo ukifuata mizizi haukudanganya, ni kuvuka. Lakini Kingereza ya leo imebakisha kuvuka sheria, amri, ao heshima ya watu. Hata Kifaransa, angalia vizuri, nani ku Kasumbalesa anasema kamio "imetransgrese" barriere? Wenye wanaitumia bila kosa ndani ni bajeolojia, na huku kwetu hawakosekane: kwao ni bahari kupanda juu ya inchi kavu.

Tena ni neno nzito, inanuka kanisa. Zaburi 51 mu Bibilia ya King James ya 1611 inasema "blot out my transgressions", yetu inasema tu "makosa yangu". Zaburi 32 inaweka "transgression" na "sin" mu mstari moja, na mu Kiebrania ile ya kwanza ni uasi, mtu anajua amri na anaivunja. Sasa shoferi mwenye alisahau karatasi ku nyumba ni muasi? Hapana, hiyo ni "mistake", na kama polisi wa rulaje anamwandikia, ni "offence".

Chunga pia "infraction", hiyo inaangusha hata batu ya droit: mu kode penale yetu hata kuua ni infraction, lakini kwa Mwingereza ni kosa kadogo tu, kama kupakinga pabaya.

Ukilazimika kutumia "transgression", sema "transgression of the law" kwa sheria na "transgression against" kwa mutu ao Mungu, kitenzi ni "transgress", sauti inapanda ku "gre".

Barua yako, andika "the truck has crossed the border", inatosha, na umupigie yule patron leo mbele alale vibaya tena.