Mashine za vinywaji zinafaa Kampala?

Ndugu, umeuliza kama mashine za soda za kujihudumia zina maana yoyote Kampala, mahali ambapo watu hawatembei na sarafu nyingi. Kwa maoni yangu kikwazo hicho ndicho kinachoondoka upesi zaidi, kwa kuwa mashine za sasa zinaweza kupokea malipo ya kadi au ya simu, nasi Waganda tumezoea kulipa kwa simu tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 2009.

Badiliko kubwa limo ndani ya mashine yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliiunganisha mashine yao ya Coca-Cola na mtandao wa kompyuta ili wajue, kabla ya kuifuata, kama chupa zipo na kama zimekwisha kupoa. Leo hilo ni jambo la kawaida: mashine humwarifu mwenyewe ni kinywaji gani kimepungua, naye hupeleka gari pale tu panapohitajika. Coca-Cola Freestyle, iliyoanza mwaka 2009, huenda mbali zaidi, kwani huchanganya vionjo papo hapo na kumwezesha mteja kuchagua, kwa kugusa kioo, miongoni mwa vinywaji zaidi ya 100.

Ninachokihofia hasa ni umeme. Ukikatika, friji, kioo na malipo vyote husimama kwa pamoja, ilhali mwenye duka la jirani huendelea kuuza soda ambayo bado ni baridi. Anayetaka kuleta mashine hizi Uganda na aanze na betri ya akiba, kabla ya kufikiria vionjo.